Kabla ya mhuri kugongwa, daftari lifunguliwe

Katika miji mingi nchini vinaundwa kila mwaka vyama vya wafanyabiashara wadogo: wauza mitumba, wauza mboga na matunda, mama lishe, mafundi seremala, wenye maduka ya rejareja, na wachuuzi wa barabarani wanaojulikana kwa jina la wamachinga. Jambo hilo linatia moyo. Mnyonge asiyekuwa na mtaji mkubwa hana njia nyingine ya kujitetea ila umoja, na umoja usiokuwa na chama huwa ni kelele za siku moja. Lakini mara baada ya vyama hivyo kuundwa, aghalabu kabla mkutano wa pili haujafanyika, viongozi wake huonekana katika ofisi za halmashauri na za mkoa wakiwa na bahasha mkononi, wakitaka jambo moja tu: chama kitambuliwe rasmi.

Ombi hilo si dogo kama linavyodhaniwa na wengi. Chama kikishatambuliwa, mwenyekiti wake huitwa katika vikao vya soko na vya kata. Huulizwa majina ya watu wakati wa kugawa vizimba. Barua yake huambatishwa kwenye maombi ya mikopo ya halmashauri. Na likizuka jambo la ushuru, la usafi au la kuhamishwa, yeye ndiye husemwa kuwa amekubali kwa niaba ya wenzake. Ofisa anayegonga mhuri kwenye barua ya utambulisho hagongi karatasi tu. Anawapa watu watano au sita mamlaka juu ya riziki ya mamia ya wengine, ambao hawakuwapo ofisini siku hiyo na pengine hawajui kwamba safari hiyo ilifanyika.

Kwa hiyo ni haki, tena ni wajibu, kuuliza: chama cha wafanyabiashara hujulikana kwa alama zipi kwamba kimekwisha kuiva?

KARATASI SI CHAMA

Mpaka sasa kipimo kinachotumiwa na ofisi nyingi ni karatasi. Sheria zenyewe zipo, na milango ni mingi. Chama cha kawaida huandikishwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, kwa Msajili wa Vyama katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na sheria hiyo huanza kuhesabu chama kwa watu kumi. Chama cha ushirika huandikishwa chini ya Sheria Namba 6 ya mwaka 2013, inayosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vya kuweka na kukopa, vikiwamo vile vya VICOBA, viliwekwa katika daraja la nne na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na huandikishwa katika halmashauri. Kila mlango una fomu zake, ada yake na orodha ya viambatisho: katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha chama, majina ya viongozi na picha zao.

Hakuna ubaya katika viambatisho hivyo. Ubaya ni kudhani kwamba aliyevikamilisha naye amekamilika. Katiba siku hizi hupatikana katika duka la kutoa nakala lililo karibu na ofisi ya halmashauri. Jina la chama hubadilishwa juu, na ibara za ndani hubaki zilivyokuwa. Si ajabu kuikuta katiba ya wauza samaki yenye ibara inayozungumzia mbolea, kwa kuwa nakala ya awali ilikuwa ya wakulima. Muhtasari wa mkutano nao waweza kuandikwa na mtu mmoja kwa usiku mmoja, pamoja na sahihi za watu thelathini, zote kwa kalamu moja na mkono mmoja. Ofisa anayezipokea huhesabu kurasa, akalinganisha na orodha yake, akaona hakuna kinachopungua. Kweli hakuna kinachopungua, isipokuwa chama.

Soko hilo hilo lina upatu, ambao hauna katiba wala mhuri. Kinamama kumi na wawili wa genge huweka kila siku kiasi walichopatana; kijumbe hukusanya; na kila mmoja anajua zamu yake ni lini na anayemtangulia ni nani. Aliyefiwa hubadilishiwa zamu. Anayechelewa hufuatwa mezani kwake kabla jua halijatua. VICOBA vimeongeza sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikawa kwa watu watatu mbalimbali, na fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya kikundi kizima ili hata asiyejua kusoma asikie. Vikundi vya namna hiyo huenda vikaanguka katika mtihani wa viambatisho. Hata hivyo mengi yanayotakiwa kwa chama kilichoiva yamo humo tayari, na mkaguzi mwenye busara angeanzia huko kujifunza nini cha kutafuta.

NANI MWANACHAMA?

La kwanza la kutafuta ni daftari la wanachama. Swali linaonekana jepesi mno: ni nani aliye mwanachama na ni nani asiye? Lakini hapo ndipo vyama vingi hujikwaa. Mwenyekiti atasema wanachama ni mia nane. Katibu atasema ni mia tano na ushei. Mweka hazina, ambaye ndiye anayepokea ada, ana majina mia na ishirini. Hakuna kati yao anayesema uongo kwa makusudi. Kila mmoja anahesabu kitu chake. Mwenyekiti anahesabu kila mtu aliye sokoni, katibu anahesabu waliojiandikisha siku ya uchaguzi, mweka hazina anahesabu waliolipa. Chama chenye hesabu tatu bado hakijajijua, na kisichojijua kitawezaje kutambuliwa na wengine?

Uzito wa jambo hili huonekana siku ya balaa. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua. Wafanyabiashara walitawanywa katika masoko mengine ya jiji wakati Serikali ikilijenga upya kwa zaidi ya shilingi bilioni 28. Miaka mitatu baadaye, Julai 2024, yalipotolewa majina ya waliostahili kurejea, baadhi ya wafanyabiashara walilalamika kwa sauti kubwa kwamba majina yao hayamo. Haitakuwa haki kumtupia mtu yeyote lawama hapa bila ushahidi. Lakini yeyote anayefahamu masoko anajua jinsi swali lenyewe lilivyo gumu. Aliyepangishwa kizimba na kukikodisha kwa mwingine ndiye mwenye haki, au ni yule aliyekuwa akiuza humo kila siku? Mjane wa aliyekuwa na kizimba anahesabiwa wapi? Kijana aliyekuwa akiweka kapu lake kwenye kona ya kizimba cha mjomba wake, je?

Moto hausubiri maswali hayo yajibiwe. Soko la Mwanjelwa la Mbeya liliungua mwaka 2006, na la Karume, Dar es Salaam, Januari 2022. Masoko yataendelea kuungua, kubomolewa ili yajengwe upya, na kuhamishwa kupisha barabara. Kila mara litahitajika daftari lililoandikwa kabla ya siku hiyo, wakati hakuna aliyekuwa na tamaa ya kuongeza jina la nduguye. Daftari linaloandikwa baada ya moto huwa na watu wengi kuliko vizimba.

Chama kilichoiva, basi, kina daftari linaloonyesha jina la mtu, mahali anapouzia, bidhaa anayouza, siku aliyojiunga na mtu atakayemrithi. Linasomwa hadharani walau mara moja kwa mwaka, kila mmoja akisikia jina lake na la jirani yake. Waliokufa hufutwa. Waliohamia mji mwingine hufutwa. Kazi hiyo si ya kitaalamu hata kidogo. Yahitaji daftari la kurasa mia mbili, kalamu, na mtu mwaminifu mwenye mwandiko unaosomeka. Mwaka 2018 Serikali ilitoa vitambulisho 670,000 kwa wajasiriamali wadogo kwa bei ya shilingi 20,000 kila kimoja, na vilisaidia wengi kuepuka kufukuzwa na kutozwa ovyo. Lakini kitambulisho kilimtaja mtu mmoja mmoja. Hakikusema anakaa wapi sokoni, jirani yake ni nani, wala nani aseme kwa niaba yake. Kazi hiyo ilibaki kuwa ya chama, na ilibaki hivyo hivyo pale ambapo chama hakikuwapo.

FEDHA ZA WENGI

Daftari la pili ni la fedha. Hapa maneno yasiwe mengi, maana kila mtu anajua ugonjwa ulipo. Fedha za ada, za mlinzi, za usafi na za rambirambi hukusanywa kwa mkono, aghalabu bila risiti, kwa hoja kwamba sokoni wote hujuana. Na kweli hujuana. Ndiyo sababu anayedai risiti huonekana mgomvi. Chama kilichoiva ni kile ambacho kudai risiti si ugomvi. Kiasi chenyewe si hoja. Shilingi mia mbili za mlinzi zikiandikwa na kusomwa ni ushahidi mzuri zaidi wa utayari kuliko akaunti ya benki yenye mamilioni ambayo taarifa yake haijapata kuonekana na mtu isipokuwa wenye sahihi.

Jambo hili lina uhusiano na fedha za umma pia. Marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2018 yalizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia ilikuwa njema sana. Lakini taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zikaeleza habari za mikopo isiyorejeshwa, na za vikundi ambavyo vilipotafutwa havikuonekana. Mwaka 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa, nayo ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mwingine. Vikundi hivyo visivyoonekana vilikuwa na majina na barua. Kila kimoja kilipita mikononi mwa ofisa aliyekithibitisha. Na walioumia hawakuwa waliokula fedha hizo. Walioumia ni vikundi vya kweli vya kinamama na vijana, vilivyokuwa na madaftari yao safi, vikakaa bila mkopo kwa kosa la wengine.

USHIRIKA ULIVYOFUNDISHA

Nchi hii ina ujuzi wa kale katika jambo hili, na ni ajabu kwamba hautumiki. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao, KNPA, tangu mwaka 1925, kabla ya kuwapo sheria yoyote ya ushirika. Sheria ikatungwa mwaka 1932, na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933. Isidhaniwe kwamba serikali ya kikoloni ilifanya hivyo kwa mapenzi. Ilitaka pia chama kiwe mahali inapoweza kukiona na kukishika. Wala KNPA haikukosa matatizo ya fedha. Lakini kwa miaka hiyo ya kuuza pamoja na kugombana pamoja, wakulima walikwisha kujua chama ni kitu gani na kahawa yao inakwenda wapi. Kanda ya Ziwa nako wakulima wa pamba walianza na jambo dogo lenye maana kubwa: waliweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki mizani ya wanunuzi. Kutokana na mizani hiyo vikaota vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Baada ya Uhuru mwendo ukabadilika. Ushirika ulitakiwa uenee upesi nchi nzima, na vyama vikaandikishwa hata katika sehemu ambazo wakulima hawakuwa wamevitaka wala kuvielewa. Kusudi lilikuwa la haki: kumwondoa mnyonyaji wa kati. Lakini Kamati Maalumu ya Rais iliyoundwa mwaka 1966 ikagundua yale ambayo mtu angeweza kuyabashiri. Wanachama wengi hawakujua haki zao wala wajibu wao. Watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Demokrasia katika vyama vikuu ilikuwa dhaifu. Na wanasiasa waliingilia kati walipotaka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria nyingine ikavirudisha. Wakulima wengi hawakuulizwa vilipofutwa, kama vile ambavyo wengi hawakuulizwa vilipoundwa. Na hilo linafuatana: chama ambacho uhai wake umo katika cheti hufa cheti kinapochukuliwa, lakini hakuna amri ingeweza kumfanya mkulima wa Mwanza asahau kwamba mizani ilikuwa ikimwibia.

Wachuuzi wa leo si wakulima wa pamba wa mwaka 1950. Biashara yao ni ya kuhamahama, mtaji wao ni wa siku moja, na wengi hutumaini kwamba mwakani hawatakuwa mahali hapo. Ni vigumu zaidi kuwafungamanisha. Kwa sababu hiyo hiyo mkaguzi aangalie kama kuna jambo moja, hata dogo, ambalo wamelifanya pamoja kabla ya kuja ofisini: wamemlipa mlinzi, wamechimba mtaro, wamezika mwenzao, wamekataa ushuru usiokuwa na stakabadhi. Chama ambacho jambo lake la kwanza ni kuomba barua hakina mizani yake bado.

HOJA YA HARAKA

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Wafanyabiashara watasema: hatari haingoji madaftari yakamilike. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa barabarani katika miji karibu yote na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Pale ambapo hapakuwa na chama kinachotambuliwa, mazungumzo yalifanywa na nani? Na yaliyokwisha kutokea yanajulikana. Jengo la Machinga Complex lililoko Ilala, Dar es Salaam, lilikamilika mwaka 2010, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba vyake ilibaki mitupu, kwa sababu wachuuzi waliona wateja hawapiti huko. Wauzaji wenyewe wangalisikilizwa vya kutosha mapema, wangalieleza kwamba mchuuzi humfuata mnunuzi, si mnunuzi kumfuata mchuuzi ghorofani.

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Kosa lililomo ni kuchanganya mambo mawili. Kusikilizwa ni haki ya kila kundi la watu wenye shida moja, liwe na katiba au lisiwe nayo. Mama lishe saba wanaopikia chini ya mwarobaini mmoja wana haki ya kuingia ofisi ya mtendaji wa kata na kusema kwamba maji machafu yanapita mbele ya majiko yao, na haki hiyo haihitaji mhuri wa mtu. Ofisa anayewajibu kwamba kwanza waunde chama anawanyima kitu ambacho ni chao tayari.

Mamlaka ya kuwaamulia wengine ni jambo jingine kabisa: kuandika orodha ya watakaopewa vizimba, kukusanya fedha kwa lazima, kupendekeza nani akopeshwe, kutia sahihi mapatano yanayomfunga asiyekuwapo. Mamlaka hayo hayatolewi kwa huruma wala kwa haraka. Hupatikana kwa kuonyesha daftari. Halmashauri ikitenganisha mambo haya mawili, mlango wa kusikilizwa ukawa wazi kwa wote na mlango wa kugawa ukafunguliwa kwa waliothibitika, haraka ya wafanyabiashara itapata jibu bila ya riziki za watu kuwekwa rehani.

Jambo jingine lazima lisemwe wazi, hata kama halitawafurahisha baadhi. Vyama vya wafanyabiashara hustawi ghafla kila uchaguzi unapokaribia. Mtu ambaye sokoni hajulikani anauza nini hutokea kuwa mlezi, mwenyekiti wa heshima au mratibu, fulana zikagawiwa, na barua ya kuomba kutambuliwa ikapelekwa mbio. Mwanachama wa chama chochote cha siasa ana haki ya kuuza nyanya na kuongoza wauza nyanya wenzake. Lakini chama cha wauza nyanya hakikuumbwa kiwe ngazi ya kupandia udiwani, na ngazi hiyo huachwa imelala chini mara tu aliyepanda anapofika juu. Ofisa aangalie tarehe. Akiona chama kimeundwa miezi mitatu kabla ya kura na mlezi wake ni mgombea, asikikatae kwa sababu hiyo tu. Amwambie katibu arudi baada ya matokeo kutangazwa. Kilicho hai kitarudi.

Vile vile atazame ni nani wameketi meza kuu. Katika masoko mengi ya vyakula wanawake ndio wengi mezani na katika majiko, lakini katika orodha ya viongozi hupewa nafasi ya mweka hazina, kwa sababu ya uaminifu wao, na mwanamume huwa mwenyekiti kwa sababu ambayo haielezwi. Mweka hazina ambaye haruhusiwi kukataa kutoa fedha bila ya kikao si mweka hazina. Ni sanduku lenye kufuli moja, na ufunguo uko kwa mwingine.

MKAGUZI AENDE SOKONI

Ukaguzi wa kweli haufanyiki ofisini. Ofisa biashara na ofisa maendeleo ya jamii waende sokoni alfajiri, wakati magari ya mizigo yanaposhusha, bila ya mwenyekiti kuarifiwa ili aandae watu wa kujibu. Wachague wenyewe wauzaji kumi: wawili wa langoni, ambako biashara ni nzuri, na wengine wa nyuma kabisa, karibu na jalala, ambako taarifa za chama hufika mwisho kama zinafika. Wawaulize mambo matatu. Kiongozi wako ni nani, na ulimchagua lini? Mwaka huu umelipa kiasi gani, na kilifanya kazi gani? Na mara ya mwisho chama kilipoamua jambo ambalo hukulitaka, ulisema nini, na ulifanywa nini?

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Muuzaji akijibu kwamba alisimama akasema, “Ndugu Mwenyekiti, hapo sikubaliani,” akashindwa kwa kura na kesho yake akafungua meza yake kama kawaida, chama hicho kimeiva hata kama katiba yake ina makosa ya tahajia. Akitazama huku na huku kabla ya kujibu, au akasema kwamba yeye hana neno, ofisa amekwisha kupata jibu lake. Na ikiwa chama kina miaka minne na hakuna kiongozi aliyewahi kushindwa uchaguzi wala kujiuzulu, sababu iulizwe. Pengine viongozi ni hodari. Pengine uchaguzi haujafanyika.

Baada ya hapo kisitolewe cheti cha moja kwa moja. Mwaka wa kwanza uwe wa majaribio: chama kipewe barua ya muda, kishughulikie jambo dogo linaloonekana, kama vile ulinzi wa usiku au uzoaji wa taka, na hesabu zake zisomwe sokoni kila baada ya miezi mitatu mbele ya ofisa. Kikifaulu, kipewe nafasi katika kamati ya soko na sauti katika ugawaji. Kisipofaulu hakijafa, kimebaki na haki ya kusikilizwa iliyokuwa yake tangu mwanzo. Na wale waliokwisha kutambuliwa zamani wasidhani kwamba haya hayawahusu. Utambulisho uwe na muda, na kila baada ya miaka mitatu daftari lifunguliwe upya.

Katika haya yote ofisi za umma nazo zina deni. Ofisa anayemwambia muuza dagaa aje kesho, na kesho akamwambia mhusika amesafiri, anamfukuza kutoka katika njia iliyonyooka na kumsukuma kwa kishoka, ambaye kwa fedha taslimu atamletea katiba, muhtasari na sahihi thelathini kwa siku moja. Vyama vya karatasi huzaliwa katika foleni hizo. Mtu aliyefunga meza yake siku tatu kufuatilia barua amepoteza mtaji wa siku tatu, na ni wachache wanaoweza kufanya hivyo mara mbili. Kwa hiyo ukaguzi uwe na siku zake zilizotangazwa, na usipokamilika katika siku hizo, mwombaji aelezwe sababu kwa maandishi.

Na chama kikikataliwa, barua iseme wazi ni daftari gani lililokosekana, kasoro ni ipi, na ofisa atarudi tarehe gani kukagua tena. Barua hiyo isipewe mwenyekiti aitie mfukoni. Isomwe sokoni, saa ya kufunga, mbele ya wauzaji wote, ili waliotumwa na waliowatuma wasikie maneno yale yale.